Maziwa ya Miburo Hayapikwi

Zuhura,

Una miguu wewe? Nauliza kwa sababu tangu mara ya mwisho ulipopanda stima nyuma ya bibi wa boma, miguu yako haijakanyaga Rumonge, na Usumbura si Makka. Watu wanatoka huko kwa mtumbwi wakiwa wagonjwa, wakiwa na mimba, wakiwa na mbuzi wanaotapika mtumbwini. Kabezi wanapita, Muhuta wanapita, hapa wanafika. Wewe habari zangu unazipata kwa wauza samaki, wale wa ndagala, na mimi zako nazipata kwa haohao. Nilikubeba mgongoni mpaka kanga zikararuka, ili nije nikusikie kwa wauza ndagala?

Na jana ndio wameniletea hii nyingine. Kwamba bwana wako Mdachi, mume wa huyo bibi, amepewa kazi pwani ya bahari. Kwamba mnashuka na stima mpaka Kigoma, halafu gari la moshi, na wewe umo, mpishi wa bibi. Kwamba kesho stima itasimama hapa kuchukua kuni, na watu wa bibi hawaruhusiwi kushuka. Ukatuma neno: "Mwambieni Nyanya aje ufukoni, nimwone hata kwa mbali." Kwa mbali mimi natazama viboko. Siji.

Basi ndiyo maana ya barua hii. Mwalimu Rajabu wa chuoni ameketi barazani kwangu na kalamu yake, mimi nasema, yeye anaandika. Unajua mimi sikusoma, hata jina langu nikiliona limeandikwa siwezi kulisalimia. Nimemwambia aandike kama linavyotoka mdomoni, asinipambe. Alikuwa ameanza na salamu ndefu, hujambo na hali yako na sisi huku hatujambo. Nikamwambia hayo futa, huyu sijamsalimia bado. Akasema, "Mama Salima, barua haianzi hivi." Nikamwambia, "Wewe andika, mwalimu. Nikitaka kuswalishwa nitakuita."

Ameandika na hilo. Vizuri.

Sitakwambia ulale wapi njiani wala ule nini. Wewe ni mtu mzima, tena mtu mzima anayejua kumtazama bibi usoni na kumwambia sukari imekwisha. Hayo ya kila siku utayajua mwenyewe. Mimi nataka tuzungumze habari ya Miburo. Umeikimbia habari hiyo kutoka hapa mpaka Usumbura, na sasa unataka kuikimbia mpaka baharini. Hukimbii tena. Keti juu ya hizo kuni za stima, tafuta mtu akusomee, usikilize.

Mama yako, Hadija wangu, alipokufa, wewe hukuwa na jino hata moja. Nilikupa maziwa ya mbuzi, ukayatapika. Jirani mmoja mwenye mtoto akakunyonyesha mpaka mume wake akasema basi, huyo wa watu atamaliza ya mwanangu. Ukawa unalia bila sauti. Mtoto anayelia kwa sauti hakutii wasiwasi, anayelia bila sauti ndiye wa kumwogopa. Nikakufunga mgongoni nikapanda kilimani kwa watu wa ng'ombe.

Unajua wale watu na sisi. Sisi tunakula samaki. Kwao samaki na maziwa havikutani, si tumboni wala chunguni wala mkononi, na mtu wa ziwani akija na kibuyu anaambiwa kwa upole kwamba leo ng'ombe hawakukamuliwa, hata kama povu bado liko kwenye chombo. Mimi nilijua hivyo, nikapanda hivyohivyo. Mama mkwe wa Miburo alikuwa amesimama mlangoni pa zizi. Akaninusa. Haki ya Mungu, aliinua pua akaninusa, kisha akageuka akaingia ndani.

Miburo ndiye aliyetoka. Alikuwa bi harusi wa juzi tu, hajazoea hata kuamrisha kuku. Akakutazama, akakufunua kichwa, akasema kwa Kiswahili chake kile: "Huyu mutoto iko na njaa. Haiko na dini." Akaingia ndani akatoka na maziwa.

Akanipa na masharti. Siku ya maziwa nisitie samaki mdomoni wala chunguni. Maziwa yawe na kibuyu chake, kisiguse kitu kingine. Na la tatu alilisema akiwa amenishika mkono: "Salima, maziwa yangu isione moto. Maziwa ikiona moto, ng'ombe inasikia kwa chuchu. Inakauka." Nikaapa. Mimi sikuamini habari ya ng'ombe kusikia, lakini nilikuwa na wewe mgongoni, ningeapa hata kwa jina la kiboko.

Yeye alisemwa kwa ajili yako. Mama mkwe wake alikaa msimu mzima wa mvua bila kumwita kwa jina. Walimwambia anawatilia sumu ng'ombe kwa kitoto cha wala samaki. Yeye akaendelea kukutengea kibuyu. Yale mashavu uliyokuwa nayo, ambayo wote hapa Rumonge walikuwa wakiyafinya, hayakutoka kwangu. Mimi nilikuwa na mawese na ndagala.

Na vile vikombe vya unga vyenye mgando ndani, ambavyo bibi wako anadhani vimetoka kwenye kichwa chako, navyo vimetoka kwenye kibuyu kile. Ulipoota meno ulianza kula ugali, maziwa yakawa yanabaki. Nikayaacha yagande, nikayafunga kwenye kitambaa, nikayaning'iniza mpaka maji yote yakatoka, ukabaki ule mgando mzito unaoweza kuukata. Nikatia asali na iliki. Nikakumbuka mama yangu Ujiji alivyokuwa akioka vikombe vya unga wa ngano ndani ya vibia vya udongo, nikasema ngoja.

Unajua kazi yenyewe, lakini nitaisema, maana nasikia huko boma mnatumia siagi ya kopo na mnajivuna. Mawese yaliyopikwa mpaka wekundu ukaondoka, uyachukue alfajiri, yakiwa yameganda. Uyasugue kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka uwe kama mchanga wa pale mto unapoingia ziwani. Maji kidogo ya baridi. Usikande! Ukikanda unapata soli ya kiatu. Unaupumzisha, unaubandika ndani ya vibia, unatoboa kwa mwiba, unaweka kipande cha jani la mgomba na vijiwe vya ufukoni juu yake ili usiinuke. Kisha ndani ya chungu chenye mchanga, moto chini, na juu ya kifuniko unapalia makaa. Vikiiva unavitoa. Vikiwa vitupu. Vinapoa. Ndipo mgando unatiwa.

Mara ya kwanza sikungoja. Nilikuwa na haraka ya kuona, nikatia mgando vikiwa bado vya moto. Maji yakatoka, unga ukalowa, na Miburo akaingia uani papo hapo, maana alikuwa ameanza kushuka kukutazama. Akatia kidole. "Salima! Iko moto!" Nilidhani atanipiga. Akachukua vibia vyote akavipanga kivulini ukutani, akaketi mbele yavyo kama askari anayelinda wezi. "Tutangoja," akasema. Tukangoja. Mgando ule tuliuchota ukatupwa kwenye shina la mgomba, akaniambia nitie mwingine baridi. Akala kimoja akiwa amegeukia ukutani, maana kwao mtu mzima haonyeshi mdomo ukitafuna. Mabega yalikuwa yakimcheza kwa utamu. Wewe ukamzunguka kwenda kumchungulia, akakufunika uso kwa kiganja, mkacheka wawili.

Kusema kweli mimi nilidhani sharti lake ni pingu, kumbe ndilo lililovifanya vikombe vile kuwa vile. Vikipoa vinakatika kwa sauti, na mgando unakuwa baridi ndani yake. Watu walikuwa wanakuja kutoka Kabonga kuviulizia. Hilo nilijifunza kwa kukaripiwa, na kukaripiwa na mtu mdogo kwangu, na nilinuna siku mbili tatu kabla sijakubali.

Sasa nakuja kwa bibi wa boma, na mwalimu ameniangalia. Andika, mwalimu, stima haitakuja kukukamata.

Alishuka siku moja na mwavuli wake, stima inapakia kuni, akavutwa na harufu ya iliki mpaka uani kwangu. Akala. Akala tena. Akafumba macho. Mimi nikaota mabawa. Nikakuita kutoka nyuma ya nyumba, nikakusimamisha mbele yake, nikakusifu kama mbuzi wa mnadani: huyu ni mjukuu wangu, mikono yake ni mizuri kuliko yangu, anajua kupika, anajua kufua, hana maneno mengi. Nani alikutoa hapa? Mimi nilikutoa. Sikumsingizia bibi kwamba amekuiba. Nilidhani watu wakikubali chakula chako wamekukubali na wewe. Sivyo. Walikuwa na njaa tu, na njaa ikiisha wanapangusa vidole.

Lakini kosa langu lile ni la kuuza. La kwako ni lingine.

Siku ile unaijua. Bwana alikuwa amepiga mahema ufukoni, na wewe ukaja na bibi, umevaa viatu. Nilifurahi. Usiku kucha nilikuwa na furaha, na Miburo kule juu alipopata habari kwamba umekuja alinitumia mgando wa ng'ombe wake yule mwekundu, uliokwisha kukamuliwa maji, kwenye kibuyu kipya, akasema wa mutoto wangu. Wako wewe. Haukuwa wa bibi.

Bibi akakaa kwenye kigoda changu. Mimi nikakaa chini, kwenye uwanja wangu mwenyewe. Wewe ukachukua unga, ukachukua vibia, ukatia mgando wa Miburo ndani ya unga mbichi, ukaviweka chunguni, ukafunika, ukapalia makaa. Nikasema, "Zuhura." Ukasema, "Nyanya, bibi anapenda ya moto, yakiwa yameungua kidogo juu." Hivyo tu. Kama mtu anayesema leo kuna jua.

Nikanyamaza. Watu wote uani waliona nimenyamaza, kwa hiyo sikufichi kitu. Makalio ya bibi yalikuwa kwenye kigoda changu, na mimi mjinga nilijiona mkubwa.

Ukafunua kifuniko, mgando unatokota, na Miburo huyo anaingia. Amejipaka samli mwili mzima kwa ajili yako, ana kibuyu kingine kichwani, kimejaa. "Amahoro, mwana wanje!" Akakuita mwanawe kwa lugha yao, akafungua mikono. Kwao watu wakipendana wanashikana mabega, wanashikana mikono mpaka viwiko, hawaachiani upesi. Wewe ukampa ncha za vidole, kama bibi anavyotoa. Bibi akashika pua kwa ajili ya ile samli. Nawe ukatabasamu naye.

Kisha bibi akasema neno, ukalitafsiri: "Bibi anasema uonje, mama." Ukachukua kimoja kwa kitambaa, maana kilikuwa kinaunguza, ukamnyooshea.

Miburo akatazama ndani. "Hii iko nini?"

"Ni maziwa yako, mama."

"Maziwa yangu iko inachemka?"

Ukasema, na hili mwalimu nataka uliandike kwa herufi nzuri, ukasema: "Ni maziwa tu, mama. Huku chini hakuna ng'ombe wa kusikia."

Ukacheka. Bibi akacheka kwa sababu ulicheka, hakujua anacheka nini. Kuku tu ndio hawakucheka, na mimi.

Miburo hakutukana. Hakulia. Alikinyanyua kile kibuyu kilichojaa akakirudisha kichwani, akapanda nacho. Nimeishi kwenye ufuko huu tangu sijavunja ungo, nimeona watu wakishuka na maziwa. Sijawahi kuona mtu akipanda mlima na maziwa aliyomletea mtoto wake.

Na wewe siku ya pili ukaondoka. Hukupanda kilimani. Ulisema bibi ana haraka.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana wauza ndagala hawakukwambia yote. Yule ng'ombe mwekundu alikauka. Mvua zilichelewa mwaka ule, majani yalikuwa haba mpaka kwenye mabonde, na ng'ombe wengi walikauka ambao maziwa yao hayakuwahi kuona moto. Mimi najua. Miburo anajua. Lakini mama mkwe wake alikuwa akiingoja siku hiyo tangu ulipokuwa huna jino. Akawaita watu wa ukoo, akasema niliwaambia nini? Wakamnyang'anya Miburo vibuyu.

Umekulia huku, unajua maana yake. Mwanamke wa kule ndiye anayeshika maziwa ya nyumba. Yeye ndiye anayesema haya ni ya watoto, haya ni ya mgeni, haya yagande. Mume akitaka maziwa anamwomba mke. Miburo sasa anakaa nyumbani mwake anapewa maziwa na mke wa shemeji yake, anapokea kwa mikono miwili kama mgeni aliyepitiwa na mvua. Watoto wake wanamwona. Mwanamke aliyekutoa wewe mdomoni mwa kaburi.

Nilijaribu kutengeneza, nikaharibu. Nilimpelekea chumvi, chumvi nzuri nyeupe, nyingi. Nikaitia kwenye kikapu kilichokuwa karibu, wala sikufikiri. Kikapu kilikuwa cha ndagala. Zuhura, kilifika kule juu kinanuka kama mtumbwi. Kikarudi jioni ileile, kimeoshwa, na chumvi yote ndani, na yule kijakazi aliyekileta akasema, "Mama Miburo anasema: mwambie Salima, chumvi haikunitukana."

Nikakasirika. Nilikaa na hasira mpaka nikachoka nayo, kisha nikapanda mwenyewe, nimeoga, sijala samaki tangu juzi yake. Yule mama mkwe yuko palepale mlangoni pa zizi, hafi yule. Nikamwambia nimekuja kuyanywa maziwa mabichi mbele yenu, nimalize maneno haya. Akaniuliza, "Ni wewe uliyepika?" Nikasema hapana. "Sasa unakuja kumnywea nani?" Akawaambia wote, nami nasikia, kwamba aliyeyapika maziwa aje mwenyewe, ayanywe mabichi mbele ya ng'ombe na mbele yake, ndipo vibuyu vitarudi kwa Miburo. Hataki mwingine. Na Miburo alikuwa amesimama nyuma yake, hakunitazama.

Nilikutumia maneno hayo. Nilimtuma mtu, nikamtuma mwingine. Jibu la kwanza, utakuja baada ya Idi. Jibu la pili, bibi ana wageni. Jibu la tatu halikuwa jibu, lilikuwa kanga. Nzuri, mpya. Nimeitundika mlangoni pa choo, inazuia upepo.

Najua utakavyosema. Utasema, Nyanya, nilikuwa mtumishi, ningemkatalia vipi bibi? Nakuelewa. Bibi alitaka ya moto, ungempa ya moto. Kulikuwa na maziwa ya kopo ndani ya hema, kulikuwa na mbuzi wa bwana wamefungwa pale, ungempikia hata maziwa ya paka. Wewe ulichukua yale. Na hakuna aliyekulazimisha kusema neno lile. Bibi hata hakuwa anafahamu lugha. Ulilisema kwa ajili yako mwenyewe, ili usionekane umetoka kwenye mgongo unaonuka samaki ukanyonya kibuyu kinachonuka samli. Mimi nilikutazama uso, nilikuona. Nimewahi kuwa na uso huo mimi pia, nilipotoka Ujiji na kuwakuta watu wa hapa nikajifanya binti wa pwani ilhali pwani sijaiona mpaka leo. Niliwacheka walivyosema Kiswahili. Kisha nikaja nikaugua, na hao niliowacheka ndio waliokuja kunigeuza kitandani. Hakuna aliyenikumbusha. Ingekuwa nafuu kama wangenikumbusha.

Huyo bibi sina naye vita kubwa, ni vita ya kigoda tu. Hakujua. Wewe ulijua. Ndiyo maana yeye namnung'unikia na wewe nakuandikia.

Na usidhani nimekuandikia ili ulie. Ukilia utapata macho mekundu, utavimba, watu wa stima watasema mpishi wa bibi ana homa. Nimekuandikia kwa sababu unakwenda mbali na hujui. Huko pwani utapata jina jipya, utaitwa mpishi, utaitwa bibi fulani, utaolewa labda na askari mwenye kofia. Hakuna atakayejua habari ya kibuyu. Ni rahisi sana kuwa mtu mahali ambapo hakuna anayekujua. Mimi nimefanya, naijua raha yake. Lakini kule juu kuna mwanamke anapokea maziwa kwa mikono miwili, na hatazeeka polepole kwa ajili ya kukungoja wewe. Mama mkwe naye akifa kabla hujaja, nani atavirudisha vibuyu? Watasema marehemu alisema. Neno la marehemu kwao halibadilishwi.

Kesho mtu wa kuni atakupa barua hii na kikapu. Usihofu, hiki hakikuwa cha ndagala. Ndani yake mna vikombe. Nimevioka leo, vimekauka vizuri, vimefungwa kwenye majani. Ni vitupu. Mgando sina, tangu siku ile sijapata hata kijiko. Mwalimu hapa amekula kimoja bila kuulizwa, anasema ni kikavu. Naam, ni kikavu. Kula hivyohivyo. Na usitie yale maziwa ya kopo ndani yake, nitajua.

Ufukoni siji, nimekwisha sema. Kesho nitapanda. Nitakaa nje ya zizi la akina Miburo, wapende wasipende, na toka pale ziwa lote linaonekana mpaka milima ya Kongo. Nataka Miburo aione hiyo stima ikipita akiwa na mtu pembeni. Ukitaka kuniona usinitafute mchangani, tazama mlimani. Na funga kichwa, mke mwenzangu. Nilisema sitakwambia, sasa nakwambia. Wanasema gari la moshi linatema cheche, na nywele zako zinashika moto upesi kama za mama yako, alizichoma akipika akiwa na umri wako. Kula kabla bibi hajala, maana akisha kula atakutuma. Akikupiga, rudi. Asipokupiga, rudi pia.

Na siku utakaporudi, sikiliza, hili ndilo la maana, mwalimu aliandike pole pole. Siku mbili kabla usile samaki. Ukishuka, usije kwangu. Hata ukiona mlango wangu uko wazi, hata ukinisikia nakohoa, pita. Vua viatu, panda kwa Miburo asubuhi ng'ombe wakiwa bado zizini. Yule mwanamke wa mlangoni akikunusa, simama unuswe. Usitoe zawadi, usitoe maneno, wala usiseme bibi alisema. Sema ni mimi niliyepika. Ukipewa maziwa, keti chini, shika kibuyu kwa mikono miwili, unywe mpaka mwisho mbele yao wote, hata kama tumbo limesahau. Wasipokupa, lala hapohapo nje na ndama, kesho yake useme tena. Usishuke mpaka umeona kwa macho yako vibuyu vikirudi mkononi mwa Miburo.

Kisha ndipo uje kwangu, usijifute mdomo njiani. Nitakusimamisha mlangoni nikunuse.